Barua kwa Fundi wa Ngamiani

Karatasi ya ukutani ilianza kubanduka wiki moja baada ya fundi kuondoka. Ukuta wenyewe ni ule wa dohani, kama zilivyo nazo nyumba nyingi za zamani hapa Leicester, zilizojengwa watu wakiota moto wa makaa ya mawe. Unatoa unyevu. Fundi aliuona unyevu huo, akapaka gundi juu yake. Maua nayo hayakukutana kwenye maungio: ua moja lina kichwa bila shina, la pili lina shina la jirani. Tulikubaliana pauni 850. Nusu nilitanguliza, na siku ya mwisho nikamalizia huku macho yangu yakiona kabisa ubovu, kwa sababu alisimama mlangoni akisubiri nami nikaona haya. Haya hiyo nilizaliwa nayo Tanga, nikaja nayo.

Nikafanya kama nilivyomwona mama akifanya. Nikamwita tena, nikampikia chai ya maziwa yenye hiliki, nikaweka na vitumbua. Tukazungumzia mvua, tukazungumzia watoto wake, kisha ukuta nikaugusa kwa mbali. Alikula vitumbua vinne, akavisifu, akaaga. Simu zangu hakuzipokea tena.

Mwenzangu wa kazini aliuliza swali moja tu: "Ulimwandikia?" Huku usipoandika hujasema.

Basi nikajifunza kuandika. Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inataka kazi ya namna hii ifanywe kwa uangalifu na ustadi wa kuridhisha. Ikiharibika, kwanza unamtaka fundi airudie kwa gharama yake, ndani ya muda wa busara. Asiporudia, ndipo unadai kupunguziwa bei. Mpangilio huo niliupenda, maana fundi anarudishiwa brashi kabla ya kuhukumiwa. Nikapiga picha, nikaweka tarehe, nikampa siku 14. Kimya. Nikafungua madai ya pauni 400 kwenye mtandao wa mahakama, ada pauni 50, naye akayapinga.

Nilidhani sasa nitapanda kizimbani. Kumbe tangu Mei 2024, hapa England na Wales, madai ya fedha yasiyozidi pauni 10,000 yakipingwa hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi wa simu, wa bure, usiozidi saa moja. Msuluhishi anakupigia wewe, anampigia yeye, anarudi kwako. Nyinyi wawili hamsikiani hata sauti. Nilikaa jikoni mama wa watu akinibebea maneno ya fundi kama mshenga. Tukamalizana kwa pauni 260. Gari la fundi yule hulipita langu mara kwa mara karibu na soko, na hakuna anayeinua mkono.

Mwaka huohuo nyumba ya mama, Ngamiani kule Tanga, ilipakwa rangi kwa ajili ya Idi. Haikufika miezi miwili ikaanza kutoka magamba kuanzia chini, chumvi nyeupe ikichungulia. Nami nilikuwa nimeshakuwa bingwa wa barua. Nikamtumia fundi ujumbe wa WhatsApp: kazi haikidhi kiwango, picha hizi hapa, una siku 14.

Kabla ya magharibi mama akapiga.

"Mwanangu, umemwandikia nini mtoto wa watu?"

"Nimemkumbusha tu, mama. Kaharibu kazi."

"Mama yake nacheza naye upatu. Mwezi ujao zamu yake. Nitakaa naye vipi mkeka mmoja?"

Fundi alikuwa ameacha hata kupita barabara yetu. Ilibidi mzee mmoja wa mtaa amfuate kwenye kahawa, amrudishe taratibu. Na barazani, mbele ya mama na mzee, simu imewekwa sauti ya juu nami nasikiliza kutoka Leicester, fundi akasema kwa upole kabisa: "Dada, nilikwambia ukuta bado una maji ya masika. Wewe ukasema Idi hainisubiri."

Ni kweli. Nilisema hivyo, tena kwa ukali, nikiwa kwenye basi. Kwenye barua yangu ya siku 14 sentensi hiyo haikuwemo.

Sitaki kuipamba baraza. Ina nguvu kwa sababu fundi huyu ni wa barabara ya pili na mama yake yupo. Angekuwa mgeni aliyechukua fedha ya utangulizi akapanda basi la Dar es Salaam, mzee angemfuata kahawa gani? Mahakama ya Mwanzo ipo, lakini ni mjane gani atakwenda kupoteza siku zake huko kwa ndoo tatu za rangi? Mtu wa namna hiyo ningemtamania ile simu ya saa moja, hata ikiwa haina chai.

Tulikubaliana mama anunue rangi, fundi atoe nguvu zake, na safari hii ukuta ukwanguliwe, usuguliwe msasa na uachwe ukauke mpaka fundi mwenyewe aridhike. Hakuna aliyeandika. Wa Leicester nimeubandika upya mwenyewe, vibaya kidogo. Wa Ngamiani umekamilika mbele na ubavuni. Wa nyuma ni kesho, kesho ya mwezi wa nne sasa. Nikimuuliza mama kama nimkumbushe, anakataa. Anasema fundi alipita juzi kumbebea mtungi wa gesi mpaka jikoni, na ukuta wa nyuma hauonekani barabarani.