Mitambo ya Ubungo, Maji ya Ruaha

Niliajiriwa Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, Ubungo, mwishoni mwa miaka ya 1970, nikitokea Kihesa, Iringa, na sweta ambalo Dar es Salaam haikuwa na kazi nalo. Kiwanda kilijengwa kwa mkopo wa Wachina usio na riba, kikafunguliwa 1968. Waliotutangulia kazini walipenda kukilinganisha na Mwatex ya Mwanza, iliyoanza karibu wakati huohuo kwa mitambo ya Kifaransa iliyohitaji watu wachache. Wachina walituletea mashine zinazotaka mikono mingi, na serikali iliyokuwa ikitafutia watu ajira haikuona ubaya. Mimi nilikuwa mmoja wa mikono hiyo.

Nilipangiwa ufumaji. Pamba iliingia kwa marobota, ikachambuliwa na kusokotwa, kisha nyuzi za mtande zikapitishwa kwenye wanga zisije zikakatika kwa msuguano. Hapo ndipo zilipotufikia sisi, ndani ya kelele ambayo ilitufanya tuzungumze kwa midomo na vidole. Mke wangu alilalamika kwamba hata mezani naongea kama dalali mnadani.

Watu hudhani mfumaji anafuma. Mashine ndiyo inayofuma. Yeye hutembea kati ya mashine akitafuta uzi uliokatika, auunge kwa fundo dogo na kuwasha tena. Fundo likiwa nene, khanga hutoka na kovu ambalo uchapaji hauwezi kulificha. Jirani yangu wa mashine, mama wa Kizaramo, aliunga bila hata kutazama. "Mwanangu, sikiliza," aliniambia. Uzi ukikatika, mlio hubadilika. Kumwamini kulinichukua muda, na kuusikia huo mlio kulichukua muda zaidi.

Aliyenionesha mto uliozungusha mashine zetu ni fundi umeme, Mhehe mwenzangu. Kituo kikubwa cha kupokea umeme kipo Ubungo hapohapo, na ndipo inapofika njia ya umeme kutoka Kidatu kupitia Morogoro. Kidatu ilianza kuzalisha 1975 kwa maji ya Ruaha Mkuu, na Ruaha Mdogo, huu unaopita chini ya mji wetu wa Iringa, humwaga maji yake katika mto huohuo kabla haujafika bwawa la Mtera. Basi kila tulipokutana zamu ya asubuhi: "Kamwene! Maji ya nyumbani yamefika?"

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Cromford, Uingereza, ambako Richard Arkwright alijenga mwaka 1771 kiwanda cha kuta za mawe, kikisokota pamba kwa gurudumu la maji. Wenzetu walilisikia gurudumu lenyewe likizunguka. Letu lilikuwa mbali nasi, nyuma ya milima, lakini kiwanda chetu nacho kilikuwa cha mtoni.

Tulilijua hilo vizuri 1992, na tena 1994, maji ya Mtera yalipopungua na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Mashine ya kufuma ikizimika ghafla huacha mshindio njiani. Ukiiwasha, kitambaa kinabaki na mstari. Wanga nao huganda. Wengi husema viwanda vya nguo viliuawa na mitumba na vitenge vya nje baada ya soko kufunguliwa. Sibishi. Ila mwenye duka Kariakoo hangoji mvua inyeshe Mbarali, yatokako maji ya Ruaha, ndipo apate mzigo wake, na hao washindani wetu walimkuta tayari ameshachoka kungoja.

Katika miaka hiyohiyo ya 1990 Wachina waliingia ubia, hisa asilimia 51 kwa 49 za serikali. Mimi nilikuwa nimeshachukua mafao yangu.

Sasa nashona sare za shule Kihesa. Vijana huniambia Iringa ijengewe kiwanda cha nguo kando ya Ruaha Mdogo. Nawauliza pamba itatoka wapi, maana inalimwa Simiyu na Shinyanga, na wakulima wa mboga bondeni watanyweshea nini wakati wa kiangazi. Hunijibu kwamba wazee tumekata tamaa. Huenda. Cherehani yangu, hata hivyo, niliinunua ya miguu.