Utoro wa Januari

Anayetaka kujua ghala za kijiji chetu zina nini asihangaike kupiga hodi nyumba hadi nyumba. Afungue daftari la mahudhurio. Mwezi wa sita na wa saba, mahindi yamevunwa na karanga zimeanikwa uani, nikiita majina darasa la nne naitikiwa hadi chini ya ukurasa. Januari na Februari naita majina yaleyale, nanyamaza, naita tena, nasonga mbele.

Nafundisha shule ya msingi wilayani Uyui, mkoa wa Tabora, katika vijiji vya tumbaku ambako nyumba zimetawanyika ndani ya miombo na baadhi ya watoto hutembea saa nzima kufika darasani. Katika taarifa tunazopeleka kata, pengo hilo la Januari huandikwa kuwa ni utoro. Kwa ninavyowajua watoto hawa na nyumba wanazotoka, sehemu kubwa ya utoro huo ni njaa. Na njaa hiyo ina ratiba. Kila mwaka inakuja miezi ileile, kwa sababu zilezile, nasi tunaipokea kana kwamba ni mgeni ambaye hakutoa taarifa.

Mwaka wa masomo huanza Januari nchi nzima. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuisha Aprili. Mahindi ya msimu mpya Januari bado mabichi shambani, na yale ya mwaka uliopita kaya nyingi zimeshayala au ziliyauza Agosti ili kulipa madeni. Tumbaku nayo ndiyo kwanza inataka mikono: kupalilia, kukata maua, kuchuma majani ya chini, kuyafunga kwenye fito, kukesha na moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Pesa yake haionekani mpaka masoko ya chama cha msingi yafunguliwe, mitumba ipimwe na mkopo wa mbolea ukatwe, na hapo tuko Mei au baada yake. Kwa hiyo mzazi anatakiwa kuleta sare, madaftari na mtoto mwenyewe katika miezi ambayo hana debe wala shilingi, huku shamba nalo likimtaka mtoto huyohuyo.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8 chini ya mstari wa umaskini wa chakula. Naziheshimu takwimu hizo, lakini ni wastani wa miezi kumi na miwili. Kaya inayokula mara tatu Julai na mara moja Februari, ukiigawanya kwa mwaka mzima, inaonekana inajimudu. Mwalimu hafundishi wastani. Anamfundisha mtoto aliyekaa mbele yake Februari.

Mtoto huyo namjua kwa uso. Mwanzoni mwa muhula unamwona ana vidonda pembeni mwa midomo, ngozi imebabuka na kuwa nyeusi. Huo ni utomvu wa maembe. Tabora ni nchi ya miembe. Ukiifuata njia ya zamani ya misafara utaipita mikubwa kuliko nyumba, na matunda yake huiva wakati ghala zinapokauka. Watoto wanayala asubuhi, mchana na jioni, mengine bado machanga, wanamenya kwa meno. Nashukuru kwa kila mwembe, lakini mtoto aliyeshindia maembe anaharisha, na anayeharisha haji shule. Maembe nayo yanaisha, na Februari inabaki bila kitu.

Njaa haimtoi mtoto shuleni kwa siku moja. Kwanza anachelewa. Halafu anafika mapema lakini analaza kichwa juu ya dawati kipindi cha pili. Halafu anaondoka wakati wa mapumziko kwenda kutafuta chochote nyumbani, na harudi. Kisha anakosa Jumatano na Alhamisi, na siku hizo ndizo nilizofundisha kugawanya. Akirudi Jumatatu wenzake wanagawanya na yeye anatazama ubao, anaona aibu, na wiki inayofuata hayupo kabisa. Wasichana wana njia yao nyingine ya kutoweka. Mama anatoka alfajiri kwenda kulima kibarua kwa jirani mwenye akiba, ujira wake ni mahindi, na binti wa darasa la tano anabaki nyumbani na mdogo wake mgongoni. Binti huyo ndiye anayeilisha nyumba siku hiyo, maana bila yeye mama asingetoka.

Nilikwenda kumuulizia mvulana mmoja kwa bibi yake anayelea wajukuu watatu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akakaa kimya kidogo kabla ya kusema.

"Mwalimu, yupo ndani. Nimemwambia alale."

"Anaumwa, bibi?"

"Haumwi. Akilala hasikii njaa sana. Akija huko kwako atatembea kwenda, atatembea kurudi, akifika ataniuliza chakula kiko wapi. Nimpe nini?"

Kisha akaingia ndani akatoka na kiroba cha michembe, akakifungua nione. Kwa asiyeijua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa juani. Huchemshwa, na mwenye karanga huzitwanga akachanganya. Ndugu yake ni matobolwa, viazi vilivyochemshwa kwanza kabla ya kukaushwa, ambavyo watoto huweka mfukoni na kutafuna njiani. Hiyo ndiyo akiba ya mwisho ya nyumba za huku. Kiroba cha bibi kilikuwa kimebaki robo, na alikuwa amekipigia hesabu: kikombe kimoja cha michembe kwa siku, watu wanne, mpaka mahindi mabichi yatoke. Katika hesabu hiyo safari ya shule ilikuwa matumizi asiyoweza kuyalipia. Sikuwa na jibu la kumpa pale uani. Sijapata kukutana na mlezi anayelaumiwa kwa utoro mwenye hesabu makini kama ile.

Watu wa nchi hii walijua zamani sana kwamba mwendo unataka chakula. Misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipitia hapa Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya ratili 60 hadi 70 kwa muda wa miezi. Hakuna kiongozi wa msafara aliyetegemea kufika bila posho. Posho ikikatika, watu walitupa mizigo na kuondoka. Wapagazi wengi waliondoka makwao baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya mvua za kulima. Safari zilipangwa kwa kutazama ghala. Shule yetu huanza mwaka wake bila kuitazama.

Ada na michango ya lazima katika elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, kuanzia Januari 2016. Niliona kwa macho yangu watoto waliojitokeza mwaka ule, wengine warefu kuliko dawati la darasa la kwanza, na sitasahau furaha ile. Lakini wazazi wengi walielewa kwamba hakuna tena kuchangia chochote, hata mahindi ya uji wa shule, na sufuria nyingi zikapinduliwa. Waraka Namba 3 wa 2016 ulifafanua kuwa sare, madaftari na chakula cha wanafunzi wa kutwa vinabaki kwa mzazi. Ufafanuzi ulikuja, ila kurudisha imani ya mzazi ambaye ameshaambiwa bure ni kazi ya miaka.

Sisi tulirudi kwenye mkutano wa kijiji na hesabu moja tu. Mwaka wa masomo una siku 194. Uji wa dona wa gramu 90 kwa mtoto, kwa siku zote hizo, ni kilo 17 na nusu hivi. Debe la mahindi lina kilo kama 18. Kwa hiyo debe moja linamfikisha mtoto mmoja mwisho wa mwaka, na kibaba cha karanga juu yake kinaufanya uji uwe chakula. Mwenyekiti wa kijiji aliirudia hesabu hiyo kwa Kinyamwezi, wazee wakaikagua, wakaikubali.

Ugomvi ulikuwa kwenye mwezi wa kukusanya. Desturi ilikuwa kutangaza mchango shule zikifunguliwa, Januari, yaani kumwomba mtu debe wakati debe linauzwa bei ya juu kuliko wakati wowote na yeye mwenyewe analinunua. Tukahamishia Julai. Julai debe linatoka bila machozi. Likabaki swali la kulihifadhi, na huku si swali dogo: dumuzi, mdudu anayegeuza gunia kuwa vumbi, barani Afrika aligunduliwa kwanza hapa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu wakampa jina la lori, Scania, kwa nguvu zake. Tulikausha mahindi mpaka punje ikalia chini ya jino, tukayatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, tukayapanga juu ya mbao katika chumba kimoja chenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu, mwingine kwa mjumbe wa kamati ya shule. Kufuli mbili zilimaliza maneno mengi.

Uji unatolewa saa nne asubuhi. Wapo waliotaka saa saba, mtoto anywe akienda nyumbani, na ninaelewa kwa nini. Lakini mtoto wetu mara nyingi alikula mara ya mwisho jana jioni, na masomo magumu yako asubuhi. Ukimpa saa saba umelisha tumbo tu, hisabati imekwisha kupita.

Jambo ambalo sitalegeza ni hili: mtoto ambaye nyumbani kwao hawakuleta debe anakunywa sawa na wengine, kikombe kilekile, foleni ileile. Nimesikia shule fulani wakiwatenga pembeni ili wazazi waone aibu. Wazazi hawaoni, anayeona ni mtoto, na kesho yake haji. Asiyeleta debe Julai ndiye mwenye kiroba cha robo Februari, kwa hiyo uji wote umepikwa kwa ajili yake kwanza. Kaya zilizo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF zina sharti la mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na sharti hilo limesaidia kuleta wengi. Kikombe cha saa nne ndicho kinachowawezesha kulitimiza miezi ya mvua.

Magharibi mwa Kenya, Christel Vermeersch na Michael Kremer walifuatilia shule 25 za awali zilizopewa kifungua kinywa cha bure, na mahudhurio yakawa juu kwa asilimia 30 kuliko kwingine. Alama za mitihani zilipanda pale tu mwalimu alipokuwa amefundishwa vizuri kazi yake. Hilo nalikumbusha kila mara ofisini kwetu, maana sufuria inaweza kula muda wa vipindi. Wapishi wawe wa kijiji, walimu wabaki darasani.

Hatujamaliza. Kuni zinatoka kwenye miombo ileile inayolisha mabani, na jiko letu bado linazitafuna mno. Familia zinazohamia katikati ya mwaka kufuata mashamba mapya huja bila debe, nasi tunazipokea huku tukipunguza unga kwa kila kikombe. Sekondari ya kata, ambako watoto wetu wanakwenda wakifaulu na kutembea mbali zaidi, haina uji kabisa, na wanaoacha kidato cha kwanza huacha Februari. Mkutano wa Julai unao ajenda ya debe la pili kwa kaya yenye mtoto sekondari. Nimeombwa kuandaa hesabu yake, na bibi yule, ambaye mjukuu wake mkubwa amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, ameniambia nimwandike kwenye orodha ya wasio na debe, na pia kwenye orodha ya wapishi.