Dirisha

Jumatatu, 26 Mei 2025
Gari la damu limerudi magharibi na mifuko 61: 38 ya shule ya bweni, 23 ya sokoni. Nimeipanga yote kwenye friji ya karantini. Hautoki hata mmoja kabla ya vipimo vinne: VVU, homa ya ini B, homa ya ini C, kaswende.

Jumanne, 27 Mei
Mifuko miwili imesoma chanya homa ya ini B. Nimerudia, ikasoma vilevile. Yote miwili ni ya sokoni, ya watu wa makamo. Ya wanafunzi yote safi, na nimeikodolea macho orodha yao muda mrefu. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002. Hawa wa kidato cha tano wamezaliwa baadaye. Kaka yangu alizaliwa 1979. Ini lilipoanza kumuuma alikuwa na miaka 38, hajawahi kupimwa hata mara moja.

Nimemwomba mshauri asiwape wale wawili majibu kwa simu. Waje, wakae, waelezwe kwamba wenza na watoto nao wapimwe, na wasio nayo wachanjwe.

Alhamisi, 29 Mei
Simu asubuhi. "Shikamoo dada. Mimi ni yule wa bodaboda, nilichangia Jumatatu. Ile damu yangu msimpe mtu."

Nikamwitikia, nikamwomba namba ya kadi yake, basi. Akaeleza mwenyewe: wenzake wa kijiweni walikuwa wamesimama nyuma yake alipoulizwa maswali, akajibu hapana kwa kila swali. Meza ya maswali tuliiweka karibu mno na foleni. Kosa hilo ni letu, na nimeliandika kwenye ripoti.

Vipimo vyake vyote vinne ni safi. Lakini VVU vikiwa na siku chache mwilini, mashine yetu haivioni. Homa ya ini C, ikitafutwa kwa kingamwili, hujificha hata miezi miwili na zaidi. Kipindi hicho tunakiita dirisha, na ndani yake tunategemea ulimi wa mchangiaji. Nilimshukuru mpaka nikaishiwa maneno, nikamwambia aje kwa mshauri, peke yake. Kisha nikautoa mfuko wake. O chanya, mililita 450.

Jumamosi, 31 Mei, usiku
Hospitali imeomba mifuko minne ya O chanya. Mama amejifungua, damu haikatiki. Kwenye friji ipo mitatu. Ule wa kijana ulichomwa jana, na ningeutoa tena.

Dereva ameondoka na mitatu. Nimempigia shemeji, kundi O, aliyechangia mara ya mwisho Januari. "Shemeji, amka." Amefika na kandambili, amejibu maswali yote mlango ukiwa umefungwa. Mfuko wake uko karantini, sampuli iko mashineni. Hospitali wamepiga mara mbili kuuliza. Nimewaambia bado.