Kofia Zisizotiwa Bei

Mirathi ya Kiislamu ina utaratibu wake: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Mama alipofariki, hapa Unguja, cherehani ilitiwa bei bila ubishi, na kabati, na bangili. Tukaja kukwama kwenye kofia.

Zilikuwa kofia za mkono, nyeupe, amezihifadhi ndani ya foronya. Kofia hizi huwa vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni. Nakshi huchorwa kwa penseli, kisha unatoboa kitundu, unakizungushia uzi mpaka mdomo wake ukaze, ndipo unahamia kingine. Vitundu hivyo hupitisha hewa kichwani, na ndivyo vinavyomaliza macho ya mshonaji. Kofia moja yaweza kula miezi, maana haina wakati wake maalumu. Hushonwa baina ya jungu na jungu, na baada ya alasiri.

Kaka akaanza hesabu: kitambaa kiasi hiki, uzi kiasi hiki. Jumla ikatoka ndogo mpaka tukaona haya. Na mama alivyokuwa akinung'unikia bei ya uzi! Basi tuhesabu na saa zake, nikasema. Tukijaribu ujira wa kibarua tu, kofia inakuwa ghali kuliko cherehani, na sokoni zimejaa za mashine ambazo kwa mbali huzijui tofauti. Ndiyo maana saa za mshonaji hazihesabiwi na mtu, yeye mwenyewe wa kwanza. Mama aliuza chache. Nyingine alimshonea bwana harusi huyu, mjukuu yule, au jamaa wa Muscat, ambako kofia kama hizi huitwa kumma.

Moja haikuwa na mwenyewe. Aliianza akiwa kwenye eda ya baba, miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani, watu wamekwisha kurudi makwao na mikono haina kazi. Kofia hushonwa kwa kipimo cha kichwa, na kipimo alichokijua bila kupima kilikuwa cha baba, ambaye ukubwa wa kichwa chake ulikuwa utani wa ukoo mzima. Tuliwavisha wanaume wote wa nyumbani. Iliwapwaya, ikawashukia masikioni, tukacheka siku ambayo hatukutegemea kucheka.

Sheikh aliuliza kama kuna mrithi ambaye hajabaleghe, kwa kuwa haki ya mtoto haisamehewi kwa niaba yake. Hakuwepo. Basi mkiridhiana, akasema, zitoeni kwenye hesabu, mgawiane kwa mapenzi. Wote wakaona ni heshima kwa marehemu. Mimi nilitaka ziandikwe kwenye karatasi ya mirathi pamoja na kabati, kwa bei ya kutuumiza, ijulikane kwamba mama aliacha mali. Walikuwa wengi, nikaridhia.