Kiti cha Barazani Unguja: Vanishi, Mafuta au Rangi?

Anayetembea Mji Mkongwe wa Zanzibar, kutoka Forodhani kuelekea Malindi, huona mbao kila upande: milango ya nakshi, madirisha, roshani, na vyombo vilivyotia nanga bandarini. Huona pia jinsi pwani inavyozila. Chumvi ya upepo, jua la kaskazi na mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, haziachi salama mbao iliyo wazi.

Mabaharia walilijua hilo zamani. Jahazi hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, na sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Harufu ya sifa haifai barazani, lakini funzo lake linafaa: mbao hulishwa mafuta, tena mara kwa mara.

Familia inayonunua viti vya nje huwa imejinyima kwa miezi. Fundi akiuliza apake nini, jibu ndilo litakaloamua umri wa viti hivyo.

Vanishi hung'aa, na kipya kinyemi. Ila hukaa juu ya mbao kama ngozi. Jua huipasua, maji yakapenya chini yake, mbao ikaanza kuwa nyeusi. Hapo lazima yote iondolewe kwa msasa ndipo ipakwe upya. Anayeipenda achague ya matumizi ya nje, na kiti kikae chini ya paa.

Mafuta ya kitani huingia ndani ya mbao, kwa hiyo hayabanduki. Yakififia, kiti hufutwa vumbi, kikapigwa msasa laini na kupakwa tena. Mafuta ya nazi hayafai, kwani hayakauki. Hubaki yakinata na kushika vumbi. Tahadhari moja kwa wenye watoto: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe, maana huweza kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje hadi vikauke.

Rangi ya mafuta huficha uzuri wa mbao, lakini ndiyo inayokinga jua kuliko zote. Inafaa mbao za bei nafuu kama msonobari. Mvule na msaji hutosheka na mafuta. Msaji hata usipopakwa kitu hugeuka kijivu tu, bila kuoza upesi.

Lolote litakalochaguliwa, mbao iwe kavu kabisa, na kazi ifanywe kabla ya mvua. Ncha za miguu zipakwe mara mbili au tatu, kwa sababu hunyonya maji kama utambi. Skrubu ziwe za shaba, kwani za chuma huota kutu na kuacha madoa.

Nyumba yenye mtu wa kuvihudumia viti kila mwaka ichague mafuta. Isiyo na nafasi hiyo ipake rangi, na vanishi iachiwe viti vya sebuleni.