Mgonjwa Tuliyemficha



Ndugu zetu wazazi, nanyi wanafunzi, leo tunawasimulia jambo tulilolificha kwa muda mrefu, huenda likamfaa mtu.

Binti yetu alikuwa na miaka 15 alipoanza kukosa usingizi. Akaacha kula, akaacha masomo, akawa anajibu sauti tusizozisikia. Jamaa wakasema ni majini. Tukamsomea nyumbani wiki sita, naye akazidi kudhoofu. Mwishowe sheikh aliyekuwa akimsomea ndiye aliyetuambia: "Kisomo na dua tutaendelea, lakini mtoto mpelekeni kwa daktari."

Tukampeleka Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili hapa Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1955. Jina hilo kwetu ni kama Mirembe kwa Watanzania na Mathari kwa Wakenya: watu hulitumia kutukanana. Akalazwa wodi ya watoto. Walimpima damu kwanza, maana hata malaria kali huweza kumvuruga mtu akili, wakatuuliza habari za kifafa na za ukoo. Kisha zikafuata dawa kwa saa zake, mazungumzo na michezo. Usingizi ulirudi kwanza, kisha hamu ya kula, na zile sauti zikapungua kidogo kidogo, Alhamdulillah.

Lakini majirani tulikuwa tumewaambia amekwenda Jinja kwa shangazi yake.

Siku moja akatuuliza, "Mbona haji mtu kuniona? Kaka alipovunjika mguu nyumba ilijaa watu." Tukakosa la kujibu. Akauliza tena, "Mmewaambia niko wapi?" Tulipomwambia, alinyamaza, akageukia ukutani.

Ndugu zetu, kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya mwenzake. Sisi wazazi ndio tuliomnyima mtoto wetu haki hiyo, kwa kuogopa aibu. Na aibu hiyo hatukuirithi kwa waliotutangulia. Mwaka 1354 mjini Aleppo, nchini Syria, ilijengwa hospitali yenye vyumba vya wagonjwa wa akili, na maji yakitiririka uani ili wapate utulivu.

Jioni ile tuliwaambia watu ukweli. Ijumaa iliyofuata wakaja mwalimu wake wa madrasa na majirani watatu, wamebeba ndizi na maji ya matunda. Binti alivaa mtandio wake vizuri, akakaa kitako kuwapokea wageni wake.

Sasa amerudi shule. Kliniki anakwenda, na dawa haachi mpaka daktari aseme.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Basi hata katika madrasa zetu wamo. Akilazwa mmoja wao, msiulize amefanya nini. Nendeni mkamwone.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.

Wassalaam.