Gari lisilo na sauti

Prius yetu, iliyoingia Bunia kupitia Uganda, inatembea kwa esansi na batri. Hatuichomeki kwenye umeme; kila tukikanyaga breki, batri inajichaji kidogo. Kutoka Mudzipela hadi soko kuu, esansi inadumu kuliko zamani. Vumbi la kiangazi huziba tundu la hewa pembeni mwa kiti cha nyuma, batri ikapata joto. Kwa hiyo tunalisafisha kila Jumamosi.

Shida kubwa ni ukimya. Juzi, karibu na lango la jirani, mtoto alirudi kinyumenyume akifuata mpira, hakutusikia. Tulisimama hatua moja kutoka kwake. Sasa tunapiga honi kila kona. Nanyi, fundisheni watoto kutazama barabara, wasitegemee masikio tu.